Barua ya wazi kwa EWURA: Uniti ya 76 inaturudisha kwenye mkaa

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA)

Nakala: Waziri wa Nishati, Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO

YAH: BEI YA UMEME KWA MWANANCHI WA MATUMIZI MADOGO ANAYETAKA KUACHA MKAA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Kata ya Mirongo, Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe si langu peke yangu. Ni la kila nyumba ya huku iliyosikia wito wa Serikali wa kuacha mkaa, ikaupenda, kisha ikakaa chini kupiga hesabu.

Wito huo tumeupokea kwa mikono miwili. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye alikuwa Paris, akiwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa kimataifa kuhusu suala hilohilo kwa Afrika. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekwisha kuagizwa ziache kuni na mkaa. Serikali imetueleza pia kwamba moshi wa jikoni unahusishwa na vifo vya Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka. Mtu wa Mirongo hahitaji kushawishiwa zaidi ya hapo. Nyumba zetu zimebanana kuanzia kandokando ya mto hadi kwenye mawe ya mlimani, na jiko la mkaa likikolezwa barazani, moshi wake hauulizi mlango wa nani uko wazi. Watoto wanakohoa, akina mama wanafikicha macho, na kila mmoja anajua sababu.

Tatizo ni pa kuhamia. Gesi ya bomba hatuna. Gesi asilia ya nchi hii inatoka Songo Songo na Mnazi Bay, Lindi na Mtwara, na nyumba ambazo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limeziunganishia gesi jikoni ziko kulekule kusini na upande wa Dar es Salaam. Bomba linalopita jirani na sisi ni la mafuta ghafi, linalotoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, na kukatiza Kagera, Geita na Shinyanga. Inafaa kulitaja hapa kwa sababu moja. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa yanaganda, ndiyo maana bomba hilo la kilomita 1,443 limesanifiwa kupashwa joto kwa umeme njia nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50. Kama umeme umepangiwa kazi ya kupasha joto bomba la urefu huo, basi kupasha sufuria ya maharage Mirongo si jambo la kufikirika tu.

Gesi ya mtungi ipo madukani, na anayeimudu anaitumia. Lakini gesi hiyo inaagizwa kutoka nje, inashushwa bandarini Dar es Salaam na Tanga, halafu inapakiwa kwenye malori na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi ifike Mwanza. Mitungi ya kilo 6 ya bei ya ruzuku iliyotolewa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) imewasaidia wengi kuanza, na tunashukuru. Hata hivyo ruzuku ile ipo kwenye mtungi wa kwanza. Siku gesi ikiisha, kujaza ni bei ya soko na ni fedha ya mkupuo mmoja. Mama anayeuza nyanya akarudi jioni na shilingi 2,000 ya matumizi hawezi kununua gesi ya shilingi 2,000. Mkaa wa kiasi hicho anaupata, tena mlango wa pili. Mkaa unatushinda kwa kuuzika kidogo kidogo, kwa kopo, kulingana na mfuko wa siku.

Umeme nao unauzika kidogo kidogo. Mtu ananunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, wa shilingi 1,000 akiwa amesimama jikoni, simu mkononi. Huku kwetu sijaona nishati nyingine safi inayofuata mfuko wa maskini namna hiyo. Nyaya zimekwisha kufika Mirongo, nguzo zipo, mita zipo. Na umeme wenyewe upo: mitambo yote 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja wa megawati 235, imekamilika, jumla yake megawati 2,115. Sisi tuliokaa gizani wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 tunajua thamani ya kazi hiyo.

Zipo nchi zilizochagua njia hii miaka mingi iliyopita. Norway ni kati ya wauzaji wakubwa wa gesi duniani, na baridi yake si ya kusimuliwa, lakini nyumba nyingi za wananchi wake hupashwa joto kwa umeme, ambao sehemu yake kubwa unatokana na nguvu ya maji. Gesi wanaiuza nje. Addis Ababa, kaya nyingi zinachoma injera juu ya mitadi ya umeme. Sisi wa Mwanza Mungu ametujalia jua, nyumba hatuzipashi joto. Joto tunalolihitaji ni la sufuria, na la ndoo ya maji ya kuoga asubuhi za Juni na Julai upepo wa ziwa unapovuma, hasa kwa wazee na watoto wachanga.

Joto hilo linakula umeme kiasi gani? Ndoo ya lita 20, kuyatoa maji kwenye ubaridi wa bombani hadi yafae kuoga, inahitaji kama nusu uniti. Nusu kilo ya maharage kwenye jiko la presha la umeme inaiva kwa nusu uniti hivi au pungufu, kwa sababu jiko likishapata presha linajizima na kuwaka lenyewe, na mvuke haupotei. Maharage hayohayo kwenye jiko la sahani, lile la koili ya wazi, yatakula mara tatu au nne ya hapo. Ugali ni kazi nyingine: unataka sufuria iliyokaa imara, moto mkali na mwiko, kwa hiyo jiko la presha peke yake halitoshi, dagaa wa kukaanga nao hivyo hivyo. Familia inayochanganya majiko hayo mawili kwa uangalifu, maharage, makande na nyama kwenye presha, ugali na dagaa kwenye sahani, inaweza kuendesha jiko lake kwa uniti 2 kwa siku, yaani 60 kwa mwezi. Wengine watafika 80, mwenye watoto wengi zaidi ya hapo.

Hapo ndipo tunapokutana na bei yenu.

Kwa mujibu wa bei mlizoidhinisha, ambazo kwa haki inabidi niseme hazijapanda tangu 2016, mteja wa nyumbani asiyezidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi yuko kundi la D1 na analipa shilingi 100 kwa uniti. Akizidi, uniti za juu ya 75 anatozwa 350. Mazoea yakiwa hayo, anahamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti ni shilingi 292 kuanzia ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Kwa hiyo uniti ya D1 inamfikia mwananchi kwa shilingi 122, ya T1 kwa 356. Kodi ya jengo ya 1,500 kwa mwezi naiacha pembeni, maana hiyo haitazami umetumia nini.

Chukua kaya yenye taa, televisheni na friji dogo, inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Iko D1, inalipa 7,320. Baba na mama wanasikia tangazo la kupika kwa umeme, wanajinyima, wananunua jiko la presha. Wanaongeza uniti 60 za kupikia, jumla 120. Sasa wako T1, na bili ya mwezi ni takribani 42,750. Imeongezeka kwa zaidi ya shilingi 35,400. Gawanya ongezeko hilo kwa zile uniti 60 za jikoni: kila uniti ya kupikia imemgharimu mwananchi huyu karibu shilingi 590. Kwenye jedwali lenu bei ya 590 haipo popote, lakini ndiyo anayoilipa, kwa sababu alipowasha jiko bei ya taa yake nayo ilipanda, ya friji ikapanda, ya kuchaji simu ikapanda.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, naomba hesabu hii uitazame kwa makini, kwa sababu watu wa huku wameifanya kwa vitendo bila kuiandika. Mwezi wa kwanza jiko jipya linasifiwa na kila anayepita. Mwezi wa tatu lina vumbi juu ya kabati na mkaa umerudi. Wataalamu wakija watasema tatizo ni mila, kwamba Mtanzania anaamini chakula cha mkaa ni kitamu. Si kweli kwa mitaa ninayoijua mimi. Mama aliyepika maharage kwa umeme huku amekaa akimsuka mwanawe hana hamu ya kurudi kupuliza makaa. Anarudishwa na bei.

Ng'ambo ya ziwa hili hili wenzetu wamelifikiria jambo hili kwa namna nyingine. Uganda, tangu 2022, mdhibiti wao wa umeme ameweka ngazi maalumu ya bei kwa ajili ya kupikia. Uniti 15 za kwanza ni za bei nafuu kwa kila kaya. Zinazofuata hadi 80 ni bei ya kawaida, inayozidi shilingi 700 za kwao. Lakini kuanzia uniti ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi shilingi 412 za Uganda. Mantiki yake iko wazi: mtu aliyevuka uniti 80 yawezekana anapika, basi asaidiwe apike. Kwetu mantiki ya uniti 75 iliwekwa wakati ambapo mtu aliyezidi hapo alionekana ana uwezo, pengine ana kiyoyozi, pengine ana friji kubwa la biashara. Wakati huo ilifaa. Leo anayezidi 75 anaweza kuwa mtii wa Mkakati wa Taifa, na bei haijui kumtofautisha na mwenye kiyoyozi.

Sasa nikupeleke kwenye nyumba ya kupanga, maana hiyo ndiyo sura halisi ya Mirongo, na ndiko hesabu yangu ya juu inapogeuka kuwa ndogo. Nyumba ina vyumba sita kwenye korido moja, familia sita, mita moja ya LUKU. Kila chumba kinatumia kidogo sana, taa, redio, simu, labda televisheni ndogo. Tuseme uniti 25. Kwa mita yake mwenyewe kila mmoja angekuwa D1 bila wasiwasi. Lakini mita ni moja, na mita inaona uniti 150, basi wote sita wako T1. Muuza mitumba, mama ntilie, kijana wa bodaboda na mjane mwenye wajukuu, kila mmoja analipa uniti kwa bei inayokaribia mara tatu ya ile ya mwenye nyumba nzima peke yake anayetumia uniti 70.

Ukifungua mlango wa korido za nyumba kama hizo, nyuma yake mara nyingi kuna karatasi imebandikwa. Haina majina ya watu, ina vyumba: Chumba namba 1, namba 2, hadi 6. Mbele ya kila chumba kimeandikwa kiasi cha kuchangia umeme: mwenye taa tupu kiasi hiki, mwenye televisheni kiasi kile, mwenye friji zaidi, mwenye pasi aombe kwanza. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu na kwa herufi kubwa: JIKO LA UMEME NA HITA HAVIRUHUSIWI. Mama mwenye nyumba hana roho mbaya. Mpangaji mmoja akipika kwa umeme, uniti zinaisha katikati ya juma, wengine wanasema wanamchangia mwenzao ugali, ugomvi unaanza saa mbili usiku na mwamuzi ni yeye. Hivyo amepiga marufuku, na vyumba sita vimeweka majiko sita ya mkaa nje ya milango sita.

Nyumba za namna hii ni nyingi Mabatini, Igogo, Mbugani na hapa kwetu. Zisipoingizwa kwenye mpango, lengo la asilimia 80 litafikiwa kwa wenye nyumba na kuwaruka wapangaji, na mijini wapangaji ni wengi.

Kwa hiyo ombi langu lina sehemu mbili, na ya kwanza ndiyo kubwa. Ukomo wa uniti 75 usiwe tena mlango wa kumtoa mtu D1. Uniti 75 za kwanza zibaki shilingi 100 kwa kaya ya kawaida hata ikizidi, na kuanzia ya 76 hadi 150 iwepo bei ya kupikia iliyo chini ya 292. Namba ni kazi yenu, lakini kwa mfano tu: ikiwa 200, ile kaya ya uniti 120 italipa, pamoja na tozo zote, kama shilingi 20,130 badala ya 42,750. Kwa fedha hiyo umeme unasimama uso kwa uso na mkaa, na naamini utashinda. Atakayezidi 150 alipe kama kawaida, hatuna neno.

Najua TANESCO itauliza pengo litazibwa na nani. Ni swali la haki, na siombi umeme wa bure. Lakini uniti ya jikoni ambayo leo inapikwa kwa mkaa inaliingizia shirika sifuri. Uniti hiyohiyo ikiuzwa kwa 200 ni mapato mapya, yanayopita kwenye nguzo na waya uleule. Na kama fedha ya Serikali inaweza kununua mtungi wa gesi inayotoka ng'ambo, sehemu yake inaweza pia kushusha bei ya uniti inayozalishwa Rufiji.

Sehemu ya pili ni mita za wapangaji. Mfumo uruhusu mita moja itambuliwe kuwa ya kaya kadhaa, na ukomo uhesabiwe kwa idadi ya kaya. Uthibitisho si mgumu: mwenyekiti wa mtaa ana daftari la wakazi, anajua nani anakaa chumba gani kuliko mtu yeyote aliyeko ofisini. Panapowezekana kila chumba kipewe mita yake, kwa gharama inayokatwa taratibu kwenye LUKU, na mwenye nyumba asilazimike kulipa kwa mkupuo.

Yapo mengine ambayo bei peke yake haitayatibu. Mwanza iko mwisho wa njia ndefu ya umeme, na jioni, watu wote wanapowasha kwa pamoja, umeme ukija mdogo sahani haichemshi hata chai. Transfoma za mitaa iliyobanana inabidi ziongezewe nguvu kabla majiko hayajaongezeka. Nyumba nyingi za zamani zimetandazwa waya wa kubebea taa, si jiko. Na kuna zile hita za koili zinazotumbukizwa kwenye ndoo, zinazouzwa mezani bila nembo ya ubora ya TBS, watoto wakizunguka hapo hapo. Nawasihi wahusika wasisubiri mtu afe ndipo wafanye msako. Kifaa salama cha kuchemshia maji, kinachojizima chenyewe, kikiwa na bei ya kueleweka, watu watakinunua.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, sheria inawapa EWURA wajibu wa kusikiliza wananchi kabla bei haijaamuliwa. Tunaomba suala la uniti 75 liingizwe kwenye mapitio ya bei yajayo, na mkutano wa taftishi ufanyike Mwanza, siku ya Jumamosi au jioni, ili mama ntilie na muuza mitumba waweze kuhudhuria bila kufunga biashara. Mtangaze mapema kupitia ofisi za mitaa. Tutakuja na risiti zetu za LUKU, na wenye zile karatasi za korido tutawaomba waje nazo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Mirongo,
Mwanza